Kazi Imepungua, Chakula Kimeongezeka: Somo Juu ya Uzito wa Mwili

Zamani mtu aliporudi kwao kutoka mjini, mashavu yake yamejaa na tumbo limetangulia mbele, jamaa zake walifurahi wakasema kwamba mji umempokea vizuri. Tumbo lile lilikuwa kama barua ya sifa. Lilionyesha kwamba mwenyewe anapata mshahara, anakula kila siku, wala hasumbuliwi na kazi za jua kali. Vivyo hivyo mwanamke aliyeolewa akanenepa, mumewe alisifiwa kwamba anaitunza nyumba yake. Hata leo wako wengi wenye mawazo hayo.

Wala mawazo hayo hayakutoka katika ujinga. Katika nchi iliyojua njaa, mtu mwenye nyama mwilini alikuwa na akiba ya kumvusha mpaka mavuno. Tena katika miaka ya 1980 na 1990, ugonjwa wa Ukimwi ulipoenea na dawa zake zikawa hazijapatikana kwa watu wengi, kukonda kulitia watu hofu, na aliyepungua kilo chache alinong'onwa na majirani. Basi si ajabu kwamba mtu akiambiwa na mganga wa zahanati apunguze uzito, moyo wake hukataa. Huona kama anaambiwa avue vazi la heshima.

Lakini nyakati zimebadilika, na magonjwa yamebadilika pamoja nazo. Unene uliopita kiasi huandamana na ugonjwa wa kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo, kupooza kwa ghafula, maumivu ya magoti, na baadhi ya saratani. Magonjwa haya hayaji kwa kishindo kama kipindupindu. Huingia polepole, mtu akiwa anakwenda kazini na kucheka na wenzake, na mara nyingi humkuta katika miaka ambayo watoto wake bado wanadai karo ya shule. Baba au mama akipooza upande mmoja, nyumba nzima hupooza naye. Kwa sababu hiyo yafaa kila mtu, wa shamba na wa mjini, ajue namna uzito unavyokuja na namna unavyoondoka.

HALI ILIVYOKUWA NA ILIVYO SASA

Mwaka 1929 daktari mmoja aliyefanya kazi magharibi ya Kenya, jina lake C. P. Donnison, alitangaza vipimo vya shinikizo la damu alivyovichukua kwa Waafrika wapatao 1,000. Katika Ulaya ilijulikana kwamba shinikizo hupanda kadiri mtu anavyozeeka. Donnison hakuyaona hayo huku. Kwa watu aliowapima, shinikizo lilielekea kushuka baada ya miaka 40. Watu hao walikuwa wakulima, wenye kutembea kwa miguu na kula mazao ya mashamba yao.

Miaka mingi baadaye wataalamu waliwatazama watu wa sehemu hizo hizo za magharibi kwa njia nyingine. Waliwafuata Waluo waliotoka vijijini kwenda kukaa Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Wale waliohamia Nairobi walionekana kuwa na shinikizo la damu lililo juu kuliko wenzao wa kijijini, na jambo hilo halikungoja uzee; lilianza upesi baada ya kuhama. Wataalamu walihusisha jambo hilo na mabadiliko ya chakula. Mjini watu walikula chumvi nyingi zaidi, walipata kalori nyingi zaidi, na mboga zao zilipungua.

Msomaji na alitafakari neno hili. Watu hawa walikuwa wa kabila moja na wenzao waliobaki nyumbani. Kilichobadilika kilikuwa maisha yao. Kwa hiyo asiseme mtu, "Ugonjwa huu ni wa ukoo wetu, hakuna la kufanya." Ukoo una sehemu yake, lakini sahani na miguu zina sehemu kubwa.

Tangu hapo mambo yamezidi kwenda upande ule ule. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2015 kwa watu wazima wa miaka 18 mpaka 69, watu 27 katika kila 100 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Kwa wanawake peke yao walikuwa karibu 39 katika 100, na kwa wanaume karibu 18. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la damu lililopanda. Uchunguzi mwingine, ule wa mwaka 2022, ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 mpaka 49 wana uzito uliozidi, na wanaume 19 katika 100 wa umri huo. Nao uchunguzi huo wa 2022 ulikuta watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa kwa kukosa chakula kinachofaa. Tazama basi: katika nchi moja, pengine katika nyumba moja, mama ana uzito kupita kiasi na mtoto amedumaa. Hayo yatuonyesha kwamba shibe na lishe si kitu kimoja.

HESABU YA MWILI

Mwili wa mtu unafanana na duka lenye daftari mbili, moja ya mali inayoingia na moja ya mali inayotoka. Chakula ndicho kinachoingia. Kinachotoka ni nguvu tunayoitumia kwa kupumua, kupiga moyo, kutia mwili joto, kutembea na kufanya kazi. Nguvu hiyo hupimwa kwa kalori. Ikiwa kinachoingia kimezidi kinachotoka, mwili hautupi ziada ile, bali huiweka ghalani, na ghala lake ni mafuta: tumboni, mapajani, na hata ndani kabisa kuzunguka ini na matumbo. Mafuta ya ndani ya tumbo ndiyo yenye hatari kubwa.

Watu wengi wakisikia hayo hukimbilia kuulaumu ugali. Hukumu hiyo si ya haki. Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi wa chakula cha wakimbiaji kumi hodari wa Kikalenjin. Zaidi ya robo tatu ya nguvu yao yote ilitoka katika vyakula vya wanga. Ugali peke yake uliwapa karibu robo, na sukari, iliyo nyingi katika chai yao, karibu sehemu moja ya tano. Nao walikuwa wembamba kama mianzi! Sababu ni kwamba daftari yao ya pili ilikuwa nene. Mtu anayekimbia asubuhi na jioni juu ya vilima vya Bonde la Ufa huchoma kila alichokula.

Lakini sasa tumtwae Bwana Fulani, karani wa mjini. Babu yake alilima tangu alfajiri, akatembea saa mbili kwenda sokoni, akala ugali wake jioni kwa mboga za majani na maziwa lala. Bwana Fulani amerithi ukubwa wa sahani ya babu yake, lakini hakurithi jembe lake. Hupanda matatu mlangoni, hukaa kitini saa nane, hurudi kwa matatu, hukaa mbele ya televisheni. Tena amejiongezea vitu ambavyo babu yake hakuvijua: maandazi mawili saa nne, soda mchana, chipsi jioni ya mwisho wa mwezi, na nyama choma na chupa za bia siku ya Jumamosi. Kazi imepungua na chakula kimeongezeka. Huko ndiko kitambi kinakotoka.

Wala tusidhani ni jambo la mjini tu. Mwanamke wa kijijini aliyekuwa akitwanga nafaka sasa huipeleka kwenye kinu cha posho, na safari aliyoikwenda kwa miguu sasa huikwenda kwa bodaboda. Hatusemi arudie kinu cha mkono, kwa maana maendeleo ni kitu chema. Twasema tu kwamba kazi iliyoondolewa mwilini yataka kurudishwa kwa njia nyingine.

NAMNA YA KUJIPIMA

Kipimo cha kwanza hakihitaji fedha. Chukua kamba au uzi usionyumbuka. Simama wima, umwambie mtu apime urefu wako kwa kamba hiyo tangu utosini mpaka kisiginoni, akate hapo. Kisha ikunje kamba mara mbili sawasawa. Sasa zungusha kamba iliyokunjwa kiunoni pako, katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi, bila kulibana tumbo. Ncha zikikutana, kiuno chako hakijapita nusu ya urefu wako, na hiyo ni dalili njema. Zisipokutana, mafuta ya tumboni yamezidi, na ni wakati wa kutengeneza mambo. Mwanamke mja mzito asijipime hivyo.

Kipimo cha pili chahitaji mizani. Zidisha urefu wako wa mita kwa wenyewe, kisha ugawanye kilo zako kwa jibu ulilopata. Kwa mfano, bibi mmoja ana urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 72. Mara 1.60 kwa 1.60 ni 2.56. Kilo 72 zikigawanywa kwa 2.56 ni 28.1. Kwa mtu mzima, jibu lililo kati ya 18.5 na 25 ni zuri. Kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 unene umekuwa mkubwa. Jibu lililo chini ya 18.5 laonyesha kwamba mtu amekonda kupita kiasi, naye pia yampasa kumwona mganga.

Basi bibi yule yampasa kupunguza kilo ngapi? Asifikiri kwamba lazima awe kama alivyokuwa msichana. Akipunguza sehemu tano tu katika mia ya uzito wake, yaani chini kidogo ya kilo nne, mwili wake utaanza kufaidika. Katika Marekani watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa kisukari walijaribiwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2002. Kundi moja lilifundishwa kula kwa kiasi, kujizoeza dakika 150 kwa juma, na kupunguza sehemu saba katika mia ya uzito. Katika muda wa karibu miaka mitatu, waliougua kisukari katika kundi hilo walipungua kwa asilimia 58 kuliko wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Waliopewa dawa ya metformin walipungua kwa asilimia 31. Mazoea mapya yaliishinda dawa.

SAHANI YAKO

Walimu wa afya walizoea kugawa vyakula mafungu matatu: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, na vya kulinda mwili. Mafundisho hayo bado ni mazuri. Kosa letu ni kwamba sahani zetu zimejaa fungu la kwanza. Gawa sahani yako hivi. Nusu nzima iwe mboga: sukuma wiki, managu, terere, kunde, kabichi au mchicha. Robo iwe ugali, au wali, viazi vitamu, nduma, ndizi au chapati moja. Robo iliyobaki iwe maharagwe, ndengu, omena, samaki, yai, kuku au nyama isiyo na mafuta mengi. Tunda lifuate: papai, chungwa au embe, yanayopatikana kwa majira yake. Ugali wenyewe ukipikwa kwa unga usiokobolewa, au uliochanganywa na mtama au wimbi, hushibisha kwa muda mrefu zaidi. Githeri nayo, ikiwa maharagwe ni mengi kuliko mahindi na mafuta ni kidogo, ni chakula bora sana na bei yake ni nafuu.

Baada ya hayo, watazame wageni watatu walioingia jikoni mwetu wakakaa bila kuulizwa: sukari, mafuta na chumvi.

Sukari. Kijiko kidogo cha sukari ni yapata gramu 4. Shirika la Afya Ulimwenguni hushauri kwamba mtu mzima asipite vijiko 12 hivi kwa siku, na afadhali viwe 6 tu, pamoja na sukari iliyomo katika soda, juisi za viwandani, keki na biskuti. Mtu anywaye vikombe vinne vya chai, kila kimoja na vijiko vitatu, amekwisha maliza vijiko 12 kabla hajala kitu. Akinywa na soda moja ya nusu lita ameongeza vijiko vipatavyo 13. Dawa yake ni rahisi. Punguza nusu kijiko katika kila kikombe kwa majuma mawili, kisha nusu nyingine. Ulimi hujifunza, na baada ya miezi miwili chai ya zamani utaiona kama asali. Kiu nayo ikatwe kwa maji.

Mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, hali gramu moja ya wanga ina kalori 4 tu. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120. Kutembea kwa mwendo wa haraka kwa nusu saa huchoma kalori zipatazo 150 kwa mtu wa kilo 70. Basi mama akimimina mafuta kutoka mtungini moja kwa moja, vijiko viwili vya ziada katika sufuria ya watu wawili, kila mmoja amejifunga deni la karibu nusu saa ya kutembea! Pima mafuta kwa kijiko. Chemsha au choma mara nyingi kuliko kukaanga. Viazi vya kuchemsha na chipsi hutoka shamba moja, lakini havifiki mwilini na mzigo mmoja.

Chumvi. Haileti unene, lakini husukuma shinikizo la damu juu. Kiasi kisichofaa kupitwa ni gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja cha siku nzima. Vidonge na unga wa kuungia mchuzi navyo vina chumvi nyingi. Kopo la chumvi na liondoke mezani; vitunguu, nyanya, dania, tangawizi na ndimu vitafanya kazi yake.

Juu ya pombe neno ni fupi. Chupa moja ya bia ya nusu lita ina kalori zipatazo 200. Mwenye kunywa tatu amekunywa chakula kizima, kisha huagiza nyama.

KAZI YA MWILI

Mtu mzima yampasa kutaharakisha mwili wake kwa dakika 150 kwa juma zisizopungua, na akifika 300 ni vizuri zaidi. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mwendo uwe wa kumfanya mtu avute pumzi: aweze kuzungumza, lakini asiweze kuimba. Si lazima nusu saa hiyo iwe ya mfululizo. Shuka matatu kituo kimoja au viwili kabla ya chako. Panda ngazi. Nenda sokoni kwa miguu. Lima bustani ya mboga nyuma ya nyumba, nawe utapata mazoezi na mboga kwa jembe moja. Vijana wana mpira na kuruka kamba, na watu wa kanisani na harusini wana ngoma zao.

Zaidi ya hayo, siku mbili kwa juma tia misuli nguvu. Simama mbele ya kiti, keti polepole, simama tena bila kujisaidia kwa mikono, mara kumi, pumzika, rudia. Kisha egemea ukuta kwa viganja, ujisukume mbele na nyuma mara kumi. Mazoezi haya humfaa mama wa sokoni anayeketi kibandani tangu asubuhi, na mzee ambaye magoti yake yamekakamaa. Afanyaye kazi ya nguvu kutwa, kama mpakia mizigo au mkulima wa jembe, hana haja ya kukimbia jioni. Yeye na aangalie sahani yake na apate usingizi wa kutosha.

Mwenye mwili mzito sana asianze kwa kukimbia. Aanze kwa kutembea dakika kumi kila siku, na kila juma aongeze dakika tano. Mtu anayeumwa kifua akitembea, au anayepatwa na kizunguzungu, asimame na aende kwa mganga kabla ya kuendelea.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Kwanza, jihadhari na haraka. Uzito haukuja kwa siku moja, wala hautaondoka kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukipunguza vile vile. Kupungua nusu kilo mpaka kilo moja kwa juma kunatosha. Mtu anayejinyima chakula chote kwa siku kadhaa hupungua upesi, hupoteza nguvu na misuli, kisha njaa humshinda naye hurudi alikotoka.

Pili, jihadhari na wauzaji wa dawa na majani ya chai yanayosemwa kwamba huondoa kitambi kwa siku saba. Mengi ya hayo huharisha tu. Kinachopungua ni maji ya mwilini, na fedha mfukoni. Dawa za kweli za kupunguza unene zipo, lakini hutolewa na daktari kwa mtu anayezihitaji.

Tatu, mtu anayetumia dawa za kisukari, hasa insulini, asipunguze chakula kabla ya kushauriana na mganga wake, kwa maana sukari ya damu yaweza kushuka ghafula akazimia. Mama mja mzito, anayenyonyesha, na mtoto anayekua wasiwekwe katika mpango wa kujinyima. Mtoto mnene apewe maji badala ya soda na nafasi ya kucheza, asinyimwe chakula wala asichekwe.

Nne, mtu anayekonda bila kutaka asifurahi. Kukonda namna hiyo kwaweza kuwa dalili ya kifua kikuu, kisukari au ugonjwa mwingine. Aende akapimwe upesi.

Kupimwa kwenyewe kumekuwa rahisi kuliko zamani. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba ya vifaa, na ndani yake mlikuwamo mizani, mashine ya kupima shinikizo la damu, na kifaa cha kupima sukari. Mhudumu akifika mlangoni, usimwambie kwamba hakuna mgonjwa nyumbani. Shinikizo la damu hukaa mwilini bila kuuma.

NYUMBA NZIMA

Mtu mmoja akitaka kubadili chakula chake peke yake katika nyumba ya watu sita, atashindwa. Mpishi hawezi kupika sufuria mbili, wala si haki kumtwika mama mzigo wote kisha kumlaumu. Baba Fulani akimwambia mkewe, "Mama Fulani, leo umenipa ugali mdogo, je, nimekukosea nini?" mazungumzo ya afya yamekwisha hapo. Afadhali wakae pamoja kwanza, wapimane kamba wote wawili, wakubaliane. Mume na alete mboga anapotoka kazini kama alivyozoea kuleta mkate. Watoto wakiona wazazi wanakunywa maji, watakunywa maji.

Kadhalika vyama vya akina mama vinavyokutana kila mwezi vyaweza kukubaliana kwamba mezani pawe na matunda na viazi vitamu, badala ya soda na maandazi, na kwamba wanachama watembee pamoja nusu saa kabla ya kuhesabu fedha. Mgeni hatadharauliwa kwa kuandaliwa nduma na chai isiyo tamu sana. Huo ndio ukarimu wa wazee wetu, na uliwaweka katika afya njema.

Babu zetu hawakuhitaji somo hili, kwa kuwa jembe na njia ndefu viliwafundisha bila maneno. Sisi tuliopewa magari na viti twahitaji kuchagua kwa akili kile ambacho wao walilazimishwa na maisha. Aanzaye leo na aanze na mambo mawili tu: kijiko kimoja cha sukari kipungue, na kituo kimoja cha matatu kiongezwe kwa miguu. Baada ya mwezi aongeze la tatu.

MASWALI

Wasomaji wanaosoma pamoja katika chama au katika darasa la watu wazima waweza kuulizana haya:

1. Waluo waliohamia Nairobi walipata mabadiliko gani ya chakula, nayo yalihusishwa na ugonjwa gani?

2. Kwa nini wakimbiaji wala hawanenepi kwa ugali, hali Bwana Fulani hunenepa?

3. Mtu ana urefu wa mita 1.70 na uzito wa kilo 80. Fanya hesabu yake. Je, uzito wake umezidi?

4. Hesabu vijiko vya sukari ulivyokula jana, pamoja na soda. Vilikuwa vingapi?

5. Ni nani katika nyumba yako ambaye hajapimwa shinikizo la damu mwaka huu?